Maoni – Uvira: Diski ikiharibika, mkono wa haraka ndio unaoua kumbukumbu

Uvira, Kivu ya Kusini – Kwa siku tatu mfululizo, redio moja ya jamii ya mji wa Uvira ilitangaza bila kumbukumbu zake. Habari zilisomwa, matangazo ya vifo yalipita, muziki ulipigwa kutoka simu ya mtangazaji. Lakini sauti zote zilizorekodiwa tangu redio ianze kutumia kompyuta hazikuonekana tena. Kompyuta iliwaka vizuri, ila pale ambapo sauti zinawekwa palikuwa patupu.

Kwa mtu wa mbali hilo ni jambo dogo. Kwa wakaaji wa Bonde la Ruzizi si dogo hata kidogo. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na rekodi ya kikao cha wakulima na wafugaji, ambamo kila upande ulitamka kwa kinywa chake, mbele ya viongozi wa kimila, ng'ombe watapita njia gani wakati wa kiangazi na nani atalipa wakikanyaga mihogo. Karatasi ya kikao ilitiwa sahihi, lakini leo kuna karatasi mbili zisizofanana, na kila upande unashika yake. Jambo moja tu lilibaki la kukubaliana: redio ilirekodi. Kamati ilikuwa ije siku ya Alhamisi kusikiliza. Kompyuta iliharibika Jumapili usiku.

Mlikuwa pia na sauti za watu waliosimulia mafuriko ya Aprili 2020, wakati mto Mulongwe ulipovunja nyumba na kuzibeba hadi ziwani. Baadhi ya waliosimulia hawapo tena.

Wengi mjini walisema ni bahati mbaya, umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, diski imekufa, basi. Maneno hayo yanafariji, lakini hayasemi ukweli wote. Diski moja iliumwa kweli. Ila kilichotaka kuziua sauti zile ni mambo mawili ambayo hayana uhusiano na umeme: watu waliochanganya kuongeza nafasi na kulinda mali, na mkono uliokimbilia kutengeneza kabla ya kutazama.

Jambo la kwanza linahitaji kuelezwa polepole, maana ndilo linalowapoteza hata wenye masomo.

Kompyuta ya redio ile inatumia Linux. Mwanzoni ilikuwa na diski moja ya sauti. Ilipojaa, mtu alileta ya pili. Ya pili ikajaa, ikanunuliwa ya tatu ng'ambo ya mpaka, Bujumbura. Fundi wa wakati ule hakutaka watangazaji wasumbuke kutafuta faili iko diski gani. Akaziunganisha zote tatu kwa njia inayoitwa LVM, iliyoletwa katika Linux na Heinz Mauelshagen mwaka 1998. Njia hiyo huzikata diski vipande vidogo, kwa kawaida vya megabaiti 4 kila kimoja, kisha huvipanga vipande vyote kama diski moja kubwa, yaani voliumu. Mtangazaji haoni diski tatu. Anaona sanduku moja refu.

Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanaijua kazi hii bila kuambiwa. Wanaotega ndagala usiku kwa taa hufunga mitumbwi kwa miti, ikawa chombo kimoja kipana cha kubeba wavu mkubwa. Nafasi inaongezeka kweli. Lakini hakuna mvuvi anayedhani kwamba mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja haizami. Anajua kinyume chake: mmoja ukiingia maji, yote inavutwa upande, na wavu wa watu wote uko hatarini.

Na kwenye diski ni hivyo hivyo. Voliumu iliyotandazwa juu ya diski tatu ina njia tatu za kuharibika badala ya moja. Kama zimepangwa kwa kufuatana, moja ikifa, huenda faili zilizoko kwenye nyingine mbili zikapatikana. Kama zimepangwa kwa kupishana, kila faili kubwa imegawanywa juu ya zote, na moja ikifa karibu kila kitu kimekwenda. Redio ile ilikuwa na ya kufuatana. Hakuna aliyelijua hilo siku ya Jumapili, kwa sababu fundi aliyezipanga alihamia Lubumbashi na mpango wake ukahama naye kichwani.

Jambo la pili ni haraka. Jumatatu asubuhi aliitwa kijana anayejua kompyuta, kijana mzuri, anayesaidia bila kudai pesa nyingi. Alikuta ujumbe unaosema kwamba kifaa chenye namba fulani ndefu hakionekani. Alitafuta kwenye simu, akapata mtu wa mbali aliyeandika kwamba dawa ni amri ya `vgreduce` yenye maneno ya kuondoa vinavyokosekana, na kwa nguvu. Akaiandika. Ujumbe ulitoweka. Na voliumu nayo ikatoweka pamoja nao.

Amri ile haina kosa. Ilifanya ilichoambiwa: kusahau diski isiyoonekana, na kufuta kwenye ramani kila voliumu iliyokuwa na kipande juu yake. Inafaa kwa mtu aliyekwisha kukubali hasara na anataka kuendelea na diski zilizobaki. Haifai hata kidogo kwa mtu anayetafuta mali yake. Kijana hakujua tofauti hiyo, na anayestahili lawama zaidi si yeye. Ni wale waliosimama nyuma ya kiti chake wakimwambia afanye haraka kwa sababu kipindi cha saa sita kinakaribia.

Saa kumi mtu mmoja alipendekeza kuweka Linux upya na kuanza na diski safi. Hapo mkurugenzi wa redio alifanya jambo la maana kuliko yote ya juma lile: aliagiza kompyuta izimwe, na akamtuma motari amlete fundi mzee wa upande wa Kalundu.

Fundi alifika jioni. Watu walitarajia ataketi aanze kuandika. Hakugusa kibodi.

– Papa, nani amefanya nini hapa tangu jana? Nataka kila kitu, hata cha aibu.

Kijana alisimulia. Fundi aliandika kwenye daftari, kisha akafungua kompyuta kwa bisibisi na kuanza na nyaya. Uzi wa umeme wa diski ya tatu ulikuwa umelegea na umeungua kidogo. Alipoubadilisha, diski ilizunguka na kuonekana, lakini ilikuwa inatoa sauti ya kukwaruza. Akaizima tena papo hapo. Akasema diski mgonjwa ina safari chache zilizobaki, na safari hizo zisitumike kwa majaribio, zitumike kuhamisha.

Hapa ndipo pana somo ambalo kila shule, parokia, zahanati na kikundi cha akiba chenye kompyuta kinapaswa kulishika. Kumbukumbu nyingi hazifi saa diski inapoharibika. Zinakufa katika saa zinazofuata, mikononi mwa watu wenye nia njema. Ni kama ajali ya pikipiki barabarani: aliyeanguka huenda angepona, lakini watu wanamvuta mkono huku na huku ili wamsimamishe, na mfupa uliopasuka unavunjika kabisa.

Fundi wa Kalundu alikuwa na mambo matatu tu, na yote yanaweza kujifunzwa.

La kwanza ni nakala ya diski mgonjwa kabla ya kitu kingine chochote. Jumanne mtu alivuka kwenda Bujumbura kununua diski isiyopungua ukubwa wa ile ya zamani. Programu inayoitwa `ddrescue` ikahamisha kipande kwa kipande: huanza na sehemu zinazosomeka bila shida, huruka zile mbaya, kisha huzirudia mwishoni, na huandika kwenye faili ya ramani imefika wapi, ili umeme ukikatika isianze upya. Umeme ulikatika mara mbili usiku ule. Kazi iliendelea pale ilipoishia. Nakala ya namna hiyo hubeba kila kitu, pamoja na ile namba ndefu ambayo LVM huitafuta. Kwa hiyo diski mpya ilipowekwa mahali pa mgonjwa, kompyuta iliitambua kama ndiyo yenyewe. Sharti ni kwamba ya zamani iondolewe kabisa, maana mbili zenye namba moja zikionekana pamoja, LVM huchanganyikiwa.

La pili ni ramani. Watu hudhani voliumu ikifutwa, sauti zimefutwa. Hapana. Kilichofutwa ni maandishi machache yanayosema kipande hiki kinafuata kile. Sauti zenyewe bado ziko mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Na LVM, kabla ya kubadilisha ramani, kwa kawaida huweka ile ya zamani katika folda ya `/etc/lvm/archive`, na haiitupi kabla ya siku 30. Ni maandishi ya kawaida ambayo mtu anaweza kuyasoma kwa macho. Fundi alitafuta ramani iliyoandikwa kabla ya Jumapili, akailinganisha na diski zilizopo, kisha akairudisha kwa amri ya `vgcfgrestore`. Voliumu ikarudi Jumatano usiku.

La tatu ni kusoma bila kuandika. Voliumu iliporudi, kijana aliomba aendeshe programu ya kusahihisha faili. Fundi alimkataza. Programu ile, `fsck`, ikiachwa huru juu ya voliumu ambayo vipande vyake vimepangwa vibaya, hutengeneza uharibifu na kuuita usahihi. Kwanza alifungua voliumu kwa kusoma tu, akasikiliza rekodi kadhaa za miaka mbalimbali, akahamisha zote kwenye diski ya nje. Baada ya hapo ndipo alipokubali majaribio mengine.

Zilipatikana nyingi kuliko watu walivyotumaini, lakini si zote. Mahali ambapo diski ilikuwa imekwaruzwa, rekodi chache zimetoka na mashimo. Mojawapo ni ya mama mmoja wa Mulongwe aliyesimulia usiku wa mafuriko. Anaanza kutaja majina ya watoto wake, na sauti inakatika. Mama huyo amekwisha kufariki. Hakuna fundi wa kurudisha majina hayo.

Baada ya hayo, mjini kumekuwa na maneno matatu, na kila moja linastahili jibu.

Kuna wanaosema LVM iachwe kabisa, kila diski ikae peke yake. Wana sababu, hasa kwa ofisi isiyo na fundi wa karibu. Diski inayojitegemea ikifa inakwenda peke yake. Lakini tatizo la redio ile lisingekwisha: rekodi zingekuwa bado mahali pamoja, bila nakala. Chombo hiki ni kizuri kwa mwenye kujua alichofunga na alichofungia. LVM yenyewe inaweza hata kuweka kila kipande juu ya diski mbili kwa pamoja, kama mtu akiiagiza hivyo. Fundi wa kwanza hakuiagiza, kwa sababu wakubwa walitaka nafasi, na diski mbili zenye kitu kilekile huonekana kama kupoteza pesa.

Hata hivyo, kuweka kitu kilekile kwenye diski mbili za kompyuta moja hakutoshi. Diski moja ikifa, utapona. Lakini faili iliyofutwa kwa makosa inafutwa kwenye zote mbili. Mwizi hubeba kompyuta nzima. Maji yakiingia ofisini hayachagui diski. Watu wa Goma wanalijua hilo kwa moto: tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 volkano ikalipuka tena. Ofisi iliyokuwa na nakala zake katika kabati la chumba kilekile haikuwa na nakala. Uvira hakuna volkano, lakini kuna mito inayoshuka kutoka milimani.

Wengine wanasema mambo yote yapelekwe kwenye intaneti. Kwa faili za maandishi, inawezekana na inafaa. Kwa miaka ya sauti, mwenye kuwaza hivyo hajawahi kununua megabaiti kwa franga zake mwenyewe na kungoja faili moja ya saa nzima ipande. Kuna njia ya miguu iliyo bora: diski ya nje inayotoka ofisini kila juma na kulala katika nyumba ya mtu mwaminifu, mtaa mwingine, mbali na mto.

Wa mwisho wanasema pesa hakuna. Neno hili ni la kweli na ndilo gumu zaidi. Redio za jamii zinaishi kwa matangazo madogo na kujitolea. Lakini pesa za diski ya tatu zilipatikana siku ilipohitajika nafasi. Pesa za diski mpya zilipatikana Jumanne, watu walipokuwa na hofu, na ziliongezwa nauli, mshahara wa fundi na siku tatu bila kumbukumbu. Hesabu ya redio hiyo peke yake inaonyesha kwamba nakala haikushindwa kwa sababu ya umaskini. Ilishindwa kwa sababu hakuna mtu aliyepewa kazi hiyo kwa jina.

Na wanaoleta misaada nao waambiwe. Mashirika mengi huleta kompyuta, hupiga picha ya kukabidhi, na kwenda. Ni mara chache kuona pamoja na kompyuta diski ya pili ya nakala, au siku mbili za kumfundisha mtu wa kubaki namna ya kurudisha kilichopotea. Mashine isiyo na mtu wa kuirudisha ikianguka ni deni, si zawadi.

Mafundi pia wana sehemu yao. Kuna tabia ya kuficha mpango wa kazi ili mwenye kompyuta asiweze kumwita mwingine. Inaeleweka, maana njaa ipo. Lakini ramani ya diski za jamii si siri ya biashara. Wakubwa wa ofisi nao wasitegemee fundi aifanye bure: walipe kazi ya kuandika kama wanavyolipa kazi ya kutengeneza.

Jambo linaloshangaza ni jinsi kinga ilivyo ndogo. Ramani ya LVM ya redio ile, ile iliyo katika `/etc/lvm/backup`, ikichapwa ni karatasi chache tu. Kubaki ndani ya kompyuta ileile hakutoshi, kwani safari hii ilisaidia tu kwa kuwa mfumo wa Linux ulikuwa kwenye diski ndogo ya pembeni. Ichapwe, na nakala yake iwekwe kwenye flashi pamoja na ya diski ya nje. Karatasi iseme kwa lugha ya kawaida ni diski gani ilinunuliwa lini na inakaa wapi. Mara moja kwa mwezi, mtu afungue rekodi moja kutoka kwenye nakala na kuisikiliza, kwa sababu nakala isiyojaribiwa ni imani tu. Na awepo mtu mmoja mwenye haki ya kusema simameni, hata kama kipindi kinakaribia.

Alhamisi kamati ilikuja. Watu wa pande mbili walikaa kwenye viti vya plastiki uani, rekodi ikapigwa tangu mwanzo. Ilifika mahali ambapo mzee wa wafugaji anataja njia ya ng'ombe, na mahali ambapo mkulima anasema atakubali kama malipo yatatolewa kabla ya mavuno. Karatasi zote mbili zilikuwa na makosa, kila moja upande wake. Hakuna aliyepiga kelele. Walianza kuandika ya tatu.

Sasa katika mlango wa kabati la redio ile kuna karatasi zilizobandikwa kwa gundi, na kila Jumamosi motari huondoka na diski iliyofungwa kwenye kitambaa. Redio nyingine za jimbo, shule zenye alama za wanafunzi, vituo vya afya vyenye majina ya wagonjwa na vikundi vya akiba vyenye hesabu za akina mama wa soko havina sababu ya kungoja Jumapili yao.